Damu Juu ya Sanduku la Zabuni

Mlipolikunja gazeti wiki jana, chuma kilikuwa hewani. Sasa kinashuka.

Chini yake, chali kwenye lami ya lango la hospitali, yupo Mama Mitungi, mwenye karakana ndogo ya kujaza oksijeni. Kifuani, ndani ya ovaroli, ameibana bahasha ya zabuni ambayo lazima itumbukie kwenye sanduku la hospitali kabla ya adhuhuri. Juu yake amesimama kijana mwenye bomba la chuma. Kofia ya pikipiki imemvuka, sura iko nje, na sura hiyo Mama Mitungi aliwahi kuiosha kwa mikono yake mwenyewe.

Ni Kitinda. Mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao.

"Kitinda! Ni mimi!"

Bomba likatua. Paa!

Lami ikachimbika kando ya sikio lake, kokoto zikamrukia machoni. Kichwa kilikuwa kizima. Msiniulize kwa nini kijana alikosa. Mtu mwenye mikono kama ile hakosi shabaha ya karibu hivyo ila kwa kupenda.

"Umekosa?"

Sauti hiyo ilikuwa ya Patasi, kiongozi wa genge lililokodiwa kulinda lango dhidi ya kila mtu mwenye bahasha. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mwembamba, mpole wa uso, anayetafuna kijiti cha meno kama aliyetoka kushiba. Majitu ya miraba minne aliyoongozana nayo yalimwogopa kuliko yalivyoogopa polisi.

"Ameteleza, bosi," Kitinda akasema.

"Mtu aliyelala chali anateleza kwenda wapi? Lete hapa."

Akamnyang'anya bomba. Hakulipunga, hakutisha nalo. Alipiga tu. Mama Mitungi alisikia mfupa wa mkono wake wa kushoto ukilia kama kuni kavu, kisha akasikia ukelele, na ilipita kitambo kabla hajajua kwamba ukelele ule ni wake.

"Toa bahasha, mama," Patasi akasema taratibu. "Mkono mmoja bado unao. Usinilazimishe niuombe na huo."

Kando ya mtaro, wazabuni wengine walikuwa wamekwisha kula kipigo chao. Mmoja alishika taya lililokaa upande. Mwingine, Mzee Miwani, mshindani wa siku nyingi wa Mama Mitungi katika biashara hiyo hiyo ya gesi, alitambaa akipapasa lami kutafuta miwani iliyokwisha sagwa na kiatu. Bahasha yake ilielea mtaroni. Mlinzi wa lango alikuwa amejifungia kibandani kwake, kitasa amekishika kwa mikono miwili.

Mama Mitungi akapeleka mkono mzima ndani ya ovaroli, taratibu, kama mtu aliyekubali yaishe. Patasi akainama kupokea.

Kilichotoka hakikuwa bahasha. Ilikuwa spana kubwa ya kufungulia mitungi, nayo ikatua juu ya goti la Patasi kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba vyuma maisha yake yote. Goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Kijiti cha meno kikamruka Patasi mdomoni.

"Mkamateni!" akafoka, amelala ubavu. "Mkamateni, mnaangalia nini!"

Ving'ora vikalia. Gari la wagonjwa lilikuwa likija mbio, taa zinawaka, na dereva hakuwa na habari na genge la mtu. Majitu yakatawanyika. Lango likafunguliwa kwa kitufe kutoka kibandani. Mama Mitungi akajitupa kwenye mlango wa nyuma wa gari, akashika mpini kwa mkono mmoja, na gari likamburuta ndani huku viatu vyake vikichora lami.

Nyuma alimwona Kitinda. Hakukimbia naye, hakumkimbiza. Alisimama tu, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahaulika pale.

*

Ofisi ya ununuzi ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wa chini, baada ya duka la dawa. Mama Mitungi alikwenda akiegemea ukuta, akiacha michirizi ya damu kwenye rangi nyeupe. Wagonjwa kwenye mabenchi wakamtazama.

"Mama, wodi ya mifupa ni huku!" mtu akamwitia.

"Baadaye, baba. Nina haraka."

Mlango wa ofisi ulikuwa umevunjwa. Ndani, viti vilikuwa juu chini, kioo cha dirisha kimemwagika sakafuni. Na chini ya meza, amelikumbatia sanduku la zabuni kwa mikono na miguu kama mtoto anayekataa kwenda shule, alikuwa Bwana Kifungu.

Ngoja niwakumbushe huyu ni nani. Alikuwa afisa ununuzi wa hospitali, na jina lile alipachikwa na watumishi wenzake. Ukimwuliza Bwana Kifungu mbona karatasi zimechelewa, alikujibu kwa kifungu cha Katiba. Ukimwomba amkumbuke shemeji yako kwenye zabuni ya mashuka, alikusomea kifungu hicho hicho. Walisema hata mkewe akimwuliza kama chumvi imetosha, lazima kwanza ashindanishe mabakuli mawili. Watu walicheka sana. Hiyo ilikuwa kabla ya leo.

Leo shati lake lilikuwa jekundu kuanzia kwapani hadi kwenye mkanda.

"Bwana Kifungu! Wamekufanya nini?"

"Bisibisi," akasema, kama anayetaja kifaa kilichopungua stoo. "Kabla hawajaja kwenu getini walipita kwangu. Walitaka ufunguo. Nikawaambia muda haujaisha." Akakohoa, na kilichotoka hakikuwa makohozi. "Umekuja na zabuni?"

"Niachie zabuni! Nikuitie daktari."

"Umekuja nayo au hukuja nayo?"

Akaitoa. Ilikuwa imelowa jasho na kona moja ilikuwa na damu. Bwana Kifungu akapapasa sakafuni, akaokota muhuri, akaugonga. Wino ukatoka pacha.

"Imepokewa ndani ya muda," akasema. "Itumbukize mwenyewe. Mimi siruhusiwi kukutumbukizia."

Mama Mitungi akacheka na kulia kwa pamoja. Bahasha ikadondoka ndani ya sanduku, ikagonga chuma, na mlio ule ulimwambia kila kitu.

"Liko tupu," akasema.

"Tupu. Yako tu."

Moyo ukamruka, na tusimfiche, uliruka kwa furaha. Zabuni moja sandukuni maana yake mshindi mmoja. Karakana yake, vijana wake, magari yake yakiingia hospitali hii kila asubuhi! Maumivu ya mkono yakatulia kidogo.

Bwana Kifungu alikuwa anamtazama usoni, na alisoma yote.

"Wenzako wako wapi?"

"Getini. Wamepigwa."

"Basi bado hatujapata zabuni, mama. Katiba inasema chombo cha umma kinaponunua, kinunue kwa haki na usawa, kwa uwazi, kwa ushindani, na umma upate thamani ya fedha yake. Ushindani hapo uko wapi? Ukishinda kwa sababu wenzako wamevunjwa mataya, utakuwa na tofauti gani na huyu aliyepo sasa, mwenye mkataba?"

"Huyu aliyepo anaua watu!"

"Ndiyo." Macho yakamlegea. "Wodi ya watoto. Mitungi imeandikwa oksijeni, ndani upepo mtupu. Kila mwaka anapewa yeye, bila kushindanishwa na mtu, kwa sababu eti ni dharura. Nilikwenda kuwaona wale wazazi. Nilipeleka rambirambi. Unajua mama mmoja aliniuliza nini? Aliniuliza, 'Nani alimchagua huyu muuza mitungi?' Hakuna aliyemchagua."

Mama Mitungi alimfahamu vizuri mtu anayezungumziwa. Kila mtu alimfahamu, na wote walimwita Tajiri.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Sanduku lazima liwe mahali ambapo kila mzabuni analifikia. Haikuandikwa popote kwamba liwe chini ya meza yangu. Wao hawawezi kuja. Basi lenyewe liende."

"Kule getini? Patasi yuko kule!"

"Patasi yuko hapa," ikajibu sauti ya mlangoni.

*

Waliingia watatu. Patasi, ameegemea bomba la chuma kama fimbo, goti limevimba, jasho linamtoka. Kitinda, amebeba dumu la petroli. Na mbele yao, suti safi, kalamu mfukoni, Mkurugenzi wa hospitali.

"Mzee, afadhali umekuja!" Mama Mitungi akaanza. "Afisa wako amechomwa..."

"Naona," Mkurugenzi akasema. Aliruka dimbwi la damu lisichafue kiatu. "Poleni sana. Wahuni wamevamia ofisi, wamechoma sanduku moto. Zabuni imefutwa. Kwa kuwa wagonjwa hawawezi kungoja, mtoa huduma wa sasa ataendelea kwa dharura."

"Sanduku halijachomwa," Bwana Kifungu akasema kutoka chini ya meza.

"Bado."

"Mzee, uliapa. Siku ile nilikuwepo, ulishika Katiba kwa mkono wa kulia."

Mkurugenzi akainama kumtazama, karibu kwa huruma. "Kifungu, ndugu yangu. Katiba haikai hapa. Hapa nakaa mimi."

Akamgeukia Patasi na kuitikia kwa kichwa.

Patasi akalichukua dumu. Alimwagia sanduku, akammwagia Bwana Kifungu mapajani, akamwagia meza na makabati. Hakuwa mwangalifu, maana goti lilimyumbisha, na petroli ikamlowesha mwenyewe mkono wa shati hadi begani. Kisha akamrushia Kitinda kiberiti.

"Wewe uliyekosa getini," akasema. "Hapa usikose."

Kitinda akakidaka. Akakitazama. Akamtazama dada yake.

"Washa, mdogo wangu," Mama Mitungi akasema. "Si ndiyo kazi uliyoiacha karakana yangu kwa ajili yake? Washa, nikuone."

Patasi akageuza shingo polepole. "Mdogo wangu?" Akacheka kicheko chembamba. "Kumbe ndiyo maana lami ikapigwa! Nilijua tu. Washa, kijana, au nianze na dada huku ukiangalia."

Njiti ikawaka.

Mwali ule mdogo ulitetemeka kwenye vidole vya Kitinda, na Mkurugenzi akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Dada," Kitinda akasema, "inama."

Akainama. Njiti ikapita juu ya kichwa chake na kutua kwenye mkono wa Patasi.

Mkono ule ulilipuka. Moto ulimpanda Patasi hadi shingoni kabla hajajua kilichomfika. Akapiga yowe lililosikika wodi zote, akajibamiza ukutani, akagonga kabati, na kila alipogusa pakashika moto. Mkurugenzi alitoka mkuku, suti na kalamu, hakumwita mtu.

"Mshike Kifungu!" Mama Mitungi akamwamuru mdogo wake. "Miguu, miguu! Mvute!"

Yeye akashika mpini wa sanduku. Lilikuwa la chuma, limelowa petroli, na moto ulikuwa hatua chache tu. Akalivuta kwa mkono mmoja, akikanyaga vioo, meno ameyauma. Walipotokea ukumbini, Patasi akatoka nyuma yao.

Alikuwa mwenge unaotembea. Lakini mkono uliokuwa bado na nguvu ulimshika Mama Mitungi nywele, ukamvuta nyuma.

"Tutakwenda... wote," akasema, na pumzi yake ilinuka nyama iliyoungua.

Harufu ya nywele zake mwenyewe ikampanda puani. Spana ilikuwa imebaki getini. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Hakuwa na kitu isipokuwa sanduku, na sanduku lina kona. Akaligeuza kwa nguvu zake zote, kona ikamwingia Patasi chini ya mbavu, na Mama Mitungi akaendelea kusukuma, akisukuma, akipiga kelele ambazo hata yeye hakuzielewa, mpaka kioo cha dirisha kikapasuka na Patasi akatoweka na moto wake.

Hakuchungulia kujua alikoangukia.

"Mitungi!" alikuwa anapiga kelele sasa. "Ondoeni mitungi ukumbini! Oksijeni na moto! Mtalipuka wote!"

Wauguzi wakaamka kama waliomwagiwa maji. Mitungi ikaviringishwa, wagonjwa wakabebwa na mabenchi yao, mtu akaleta vizimamoto, akazima kwanza miali iliyokuwa ikililamba sanduku. Muuguzi mmoja, Sista mnene mwenye mikono kama ya mbeba mizigo, akaja na kitanda cha magurudumu.

"Mlazeni afisa hapa. Chumba cha upasuaji kiko juu."

"Getini," Bwana Kifungu akasema.

"Unasema?"

"Nipelekeni getini. Na sanduku."

"Baba, utakufa!"

"Saa ngapi sasa?"

Sista akatazama ukutani. Akamtazama Mama Mitungi. Mama Mitungi akafuta damu machoni, akalibeba sanduku na kuliweka miguuni pa Bwana Kifungu.

"Sukuma," akasema.

*

Hebu fikirini msafara ule. Kitanda cha magurudumu kinatoka mbio kwenye jua kali, juu yake mtu anayekufa na sanduku jeusi. Sista anasukuma kutoka nyuma, Kitinda anavuta kutoka mbele, na mwanamke mwenye ovaroli iliyoungua anakimbia kando, mkono mmoja unaning'inia. Nyuma yao moshi unatoka madirishani. Na nyuma ya moshi, wagonjwa, wasindikizaji, wapishi wa hospitali, wafagiaji, wote wanatoka kuona kulikoni.

Getini genge lilikuwa bado lipo. Majitu yalijipanga, mapanga mikononi.

"Rudini ndani!" mmoja akafoka.

"Bosi wenu ameungua!" Kitinda akapiga kelele. "Patasi hayupo! Nani anawalipa tena? Nani atawatoa jela?"

Mapanga yakasita. Jitu moja likalitazama jingine. Lakini lile la mbele, lenye kovu kwenye mdomo, halikusita. Lilikata. Panga likapita kwenye bega la Kitinda na kuchana nyama hadi mfupa uonekane mweupe. Kijana akapiga goti.

Ndipo watu wakachoka.

Sijui nani alirusha jiwe la kwanza. Wengine husema ni baba mmoja aliyempoteza mwanawe wodi ya watoto. Jiwe lilimpata mwenye kovu kwenye paji, akaenda chini kama gunia, na baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuwazuia. Magongo ya wagonjwa yalifanya kazi ya rungu. Mpishi alikuja na mwiko wa chuma. Jitu lililokimbilia kibanda cha mlinzi lilikuta mlinzi amefungua mlango sasa, na rungu lake lipo tayari. Mama Mitungi aliwaona watu wapole wa mabenchi wakikanyaga vichwa, akageuza uso.

"Inatosha!" akalia. "Jamani, inatosha! Muda!"

Alimkuta Mzee Miwani mtaroni, maji hadi viganjani, analia.

"Mzee, bahasha yako ipo?"

"Imelowa. Imechanika. Achana nami, mama. Umeshinda, nenda zako."

"Sikuja kukuaga. Inuka!"

"Unataka nishindane na wewe? Una akili timamu?"

"Bei zangu ni nzuri kuliko zako na oksijeni yangu ni safi. Nataka zisomwe zote mbili, watu wasikie. Inuka, mzee, muda unakwisha!"

Mzee Miwani akainuka. Akapapasa hadi kwenye kitanda. Bwana Kifungu, ambaye midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa ya kijivu, alipapasa naye, vikakutana vidole vya mtu asiyeona na mtu anayeondoka. Muhuri ukagongwa. Bahasha ya maji ya mtaro ikadondoka sandukuni. Kisha ya mwenye taya lililokaa upande. Kisha za wengine wawili waliotambaa kutoka upande wa pili wa barabara walikokuwa wamejificha chini ya gari.

Saa ya hospitali ikagonga adhuhuri.

"Imefungwa," Bwana Kifungu akasema. Akavua ufunguo uliokuwa shingoni mwake, lakini hakumpa Mama Mitungi. Alimpa Mzee Miwani. "Ufungue wewe. Hapa hapa. Kila mtu aone, kila mtu asikie."

"Miwani yangu imesagwa, bwana. Sitaweza kusoma."

"Sista atakusomea. Sheria haikatai."

Watu wakacheka. Katikati ya damu yote ile, walicheka, na Bwana Kifungu mwenyewe alitabasamu. Sista akapaza sauti. Akasoma kampuni moja baada ya nyingine, bei moja baada ya nyingine. Bei ya Tajiri, ambayo hospitali ililipa miaka yote, kila mtumishi aliifahamu. Ilikuwa juu ya zote, na juu sana. Kila Sista aliposoma, mguno ulipita kwenye umati. Ya Mama Mitungi ilikuwa chini kuliko zote.

Watu walipiga kelele. Mzee Miwani akampa mkono mshindani wake, akaubana.

"Umenishinda kweli," akasema. "Leo nimeshindwa vizuri."

Mama Mitungi akageuka kumwambia Bwana Kifungu. Macho ya Bwana Kifungu yalikuwa wazi, yanatazama sanduku. Sista aliweka vidole shingoni mwake, akavishikilia hapo, kisha akavua kitambaa chake cha kichwani na kumfunika uso.

Pumzi zake zote za mwisho alizitumia kwenye zabuni. Alitaja kifungu, alitaja muhuri, alitaja ufunguo. Jina la aliyemchoma hakulitaja mbele ya watu hata mara moja.

*

Gari la polisi lilifika kabla kelele hazijazimika. Inspekta akashuka. Na baada yake, suti yake ikiwa imepigwa vumbi, akashuka Mkurugenzi.

"Ndiye huyo," akasema, kidole kikimwelekea Mama Mitungi. "Amemchoma afisa wangu, ameteketeza ofisi, ameiba sanduku. Mtazame, ndugu Inspekta. Bado amelishika!"

Kweli alikuwa amelishika. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya mfuniko.

"Uongo!" Sista akafoka.

"Ulikuwepo ofisini, Sista, afisa alipochomwa?" Inspekta akauliza.

"Sikuwepo, lakini..."

"Nani alikuwepo?"

Umati ukaguna. Mama Mitungi hakuogopa. Aliona hata ajabu kwamba haogopi. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa ameketi ardhini, bega limefungwa shuka la hospitali lililokwisha kuwa jekundu.

"Mdogo wangu alikuwepo," akasema. "Alikuwa nao tangu asubuhi. Alimwona Patasi kwa macho yake. Mwulizeni yeye."

Kitinda akainua uso.

Alifungua mdomo. Kisha akatazama mbali, juu ya vichwa vya watu, kuelekea barabarani. Rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotobolewa. Inspekta akamgusa kwa kiatu.

"Sema, kijana. Nani alimchoma afisa?"

"Dada," Kitinda akasema.

"Nini?"

"Ni dada yangu. Nilimwona. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake."

Mzee Miwani akarudi nyuma hatua moja. Sista akaziba mdomo. Pingu zikabana kifundo cha mkono mzima wa Mama Mitungi, zikazunguka hadi kwenye mkono uliovunjika, na askari akauvuta mkono huo bila kuuliza.

Hakulia. Hakumtukana mdogo wake. Alifuata tu macho ya kijana yalikokuwa yamekwama.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa limesimama gari jeusi, kioo cha nyuma kimeshushwa. Ndani yake aliketi bibi kizee mwenye kilemba safi, mkoba magotini, ameshikwa kiwiko kwa adabu na mtu mnene mwenye pete. Mtu huyo alikuwa Tajiri.

Bibi kizee aliwaona wanawe, akatabasamu, akawapungia mkono. Alikuwa mama yao.

Kisha kioo kikapanda.